Wimbo wa Kumi na Kanga ya Tumboni

Mbekenyera, Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna.

Nisameheni kwa kukaa kimya muda wote huu. Simu ninayo, ila ukishanyonyesha usiku kucha hata vidole havitaki kuandika. Sasa hivi Salma amelala. Acha niseme.

Mnaoijua bendi yetu ya Nachingwea, ya magitaa makali na viitikio vya kuimba watu wote, mnajua tunarekodi albamu yetu ya kwanza. Nyimbo tisa zina sauti yangu, niliziimba tumbo likiwa mbele kama ngoma. Wa kumi nilimtungia huyu mtoto. Nikajifungua kabla sijauimba.

Sasa niko kwa mama, sijatoka arobaini. Kila asubuhi ananikanda kwa maji ya moto, halafu ananifunga tumbo kwa kanga, anakaza kama anafunga mzigo wa kuni.

Wiki iliyopita Hamisi, mume wangu na mpiga ngoma wetu, aliomba nimtumie kiitikio kwa simu. Nikaimba hivyohivyo nilivyofungwa. Pumzi ikakatika neno la tatu, sauti kama ya kuku anayefukuzwa.

Na mimi, mjinga, nikaituma.

Jana akajibu: "Mama Salma, we pumzika tu. Zuhura ameshauimba. Si mbaya."

Si mbaya! Zuhura, anayeniitikia kwenye bendi, ni binti mzuri, sina neno naye. Lakini nilimsikiliza kwenye rekodi aliyotuma Hamisi, akimwimbia mwanangu, nikalia.

Halafu nikaogopa. Je, kama kweli sauti yangu imeisha?

Leo mama alipokwenda kuokota korosho, nilifungua kanga, nikaingia stoo katikati ya magunia, nikaimba. Kiitikio chote, hadi ile noti ya juu. Ipo! Sauti yangu ipo.

Kugeuka, mama yuko mlangoni.

"We mzazi gani, hujatoka arobaini unapiga kelele? Unataka tumbo libaki kama gunia hilo?"

"Mama, ni wimbo wa Salma."

Akanifunga upya, kwa nguvu kuliko jana. Alipomaliza fundo akasema, "Ijumaa nitachelewa kukufunga. Kidogo tu, usinizoee."

Hamisi, najua unasoma hapa kabla ya kunipigia. Mwambie Zuhura ahsante, kisha ufute sauti yake. Mimi sitoki arobaini, na wimbo huu simwachii mtu. Nitauimbia stoo Ijumaa, kabla mama hajanifunga; magunia yanameza mwangwi kuliko yale magodoro mliyotundika studio.

Alhamisi mpe konda wa basi la Ruangwa, shemeji yako atakwenda kupokea kwa bodaboda: maikrofoni na waya wake, maana mara ya mwisho ulisahau waya. Ile mashine ndogo ya kurekodia. Hedifoni. Rekodi ya magitaa na ngoma za wimbo wa kumi, bila sauti ya mtu yeyote. Nepi za kitambaa sita.

Na kanga mpya ya mama kunifungia. Hii imeanza kuchanika.