Mfupa wa Kiingereza Chumbani Kwetu

Min Atieno, mama wa mtoto wangu,

Kama kuna mtu mwenye bahati Kaloleni nzima, ni mimi mume wako. Sikiliza. Nimekaa kwenye mtihani wa Kiingereza, nageuza karatasi, swali la insha linasema: andika juu ya mtu unayemjua vizuri. Nikacheka peke yangu. Wenzangu wakatafuna kalamu kama miwa ya Muhoroni, mimi nikajaza kurasa mpaka nikaomba karatasi ingine. Nimepita. Kuli wa jana ni karani wa leo, nina meza yangu bandarini, na nikipita Milimani kwa matajiri hata mbwa wao hawabweki.

Huku mambo yanaenda. Atieno ameanza shule, ananisalimia kwa Kiingereza mbele ya majirani, nami najibu kwa sauti ili wote wasikie. Mama Njeri bado anauza viazi pale pale sokoni, na mahali ulipopanga samaki wako hajaruhusu mtu akalie. Ametandika gunia tupu. Akiulizwa, anasema mwenyewe yuko njiani. Mimi simkatazi.

Mfupa pia uko, kwenye msumari wake. Unakumbuka tulivyoiga shule? Mtoto akiteleza akasema lugha ya nyumbani, anavishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake. Basi sisi watu wazima, tena wenye mtoto, tukatoboa mfupa wa ng'ombe tukautia kamba. Tukitoka klasi ya jioni ni Kiingereza tu mpaka kulala, na anayeteleza anauvaa. Mimi niliyefika Mwanza na Bukoba kwa meli nilijua shingo itakayoumia ni yako. Ukanishinda vibaya. Nililala na ule mfupa mpaka ukaniachia alama kifuani.

Halafu ile siku nilipowagawia makuli wenzangu samaki wako wote wa kuuza, wale ngege wanono, nikijisifu ati mke wangu ni tajiri. Ulirudi, ukaangalia beseni. Ukaenda kwenye msumari, ukajivisha mfupa mwenyewe, ukaufunga taratibu kama mkufu wa harusi, ndipo ukaanza: "Wiyi tek!" Kichwa changu ni kigumu kama jiwe, mama yangu alizaa jiwe, na ukaendelea na Dholuo yetu ya nyumbani mpaka chai ikapoa. Ulipomaliza ukasema, "Kiingereza ni cha kuombea kazi. Mume hagombezwi kwa lugha ya kuazima." Nikacheka, nawe ukacheka. Toka siku hiyo, nikiona umegusa ile kamba tu, natafuta viatu vyangu.

Hospitalini, homa ilipokupanda, ulisema Dholuo tupu. Nesi alikuwa mgeni, yeye Kiingereza tu, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani. Nilijivuna kidogo, nisikufiche. Mumeo huyo, anasimama katikati ya kitanda na nesi, anapeleka neno, analeta neno. Klasi ile ilinisaidia, kila alichosema nilikielewa. Hata lile la mwisho nilielewa. Ukaniuliza, "Amesema nini?" Nikakwambia amesema unapona, uso wako umeanza kurudi.

Ulinitazama. Nafikiri ulijua. Ukaniambia basi mshukuru, nami nikamshukuru nesi kwa Kiingereza, akashangaa ninashukuru nini.

Ndiyo maana sitaki kufunga barua hii na uongo mwingine wa kukutuliza. Lala pema, binti wa Uyoma. Mtoto anakula, anasoma, nywele zake Mama Njeri anazisuka kila Jumapili. Jumatatu narudi klasi, nitakaa benchi letu lile la nyuma, na mtihani ukija tena nitaufanya. Hilo nakuahidi, na safari hii sikutafsirii kitu.

Meza hakuna. Bado nabeba magunia. Swali lilikuwa kweli hilo, mtu unayemjua vizuri. Nikaandika jina lako juu ya karatasi, na kengele ikalia likiwa peke yake. Nilianguka.

Baba Atieno