Mazishi Yaliyojaza Jukwaa

Mume wangu mdogo Amani,

Pole na joto la huko Cape Town. Huku ugenini Hallunda theluji imegoma kuondoka. Babu yako ni mzima, goti tu linamsumbua, na bado anagombana na televisheni.

Unauliza kwa nini kwenye riwaya ya Kiafrikana mnayosoma chuoni mkulima anamzika mkewe peke yake, lakini katika mchezo wetu wa Kiswahili uliotokana nayo kuna umati. Sisi waigizaji tulifuata kitabu: mkulima, koleo, kimya. Mimi, msichana wakati ule, ndiye niliyekuwa maiti.

Siku ya kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa Skärholmen, mkulima alipoinua koleo tu, Mama Furaha akasimama kati ya watazamaji. "Huyu baba azike peke yake, na sisi tumekaa?" Akapanda jukwaani na termosi yake ya chai. Wamama wengine wakamfuata wakiimba wimbo wa msiba. Mmoja akanifunika koti, eti marehemu asipate baridi. Mwongozaji akashika kichwa. Mimi nilivumilia hadi kiitikio, kisha nikaitikia, macho nimefumba.

Ndipo nikasikia mkulima analia. Hakuwa anaigiza. Mama yake alikuwa amefia kwetu Uvira, naye hakuweza kwenda kumzika.

Tulipocheza tena Märsta, hatukumwomba mtu apande. Walipanda.

Mkiuigiza mchezo wetu huko, chemsheni chai ya kutosha.

Bibi yako,
marehemu wa Skärholmen