Dude Linavuta Kushoto

Jumamosi, mwezi wa tatu. Songea.

Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa inarudi tena. Niko hapa internet kafe ya Majengo, viatu vimejaa tope jekundu mpaka dada wa hapa kanitandikia gazeti chini ya meza nisimchafulie sakafu. Kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia siumwi.

Nimeshindwa, shajara. Leo nakuandikia kwa sababu nimeshindwa.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana najua siku hizi wapo watu wanapita hapa mtandaoni kusoma, na wengine hawajui hata Dude ni kitu gani.

Dude ni pikipiki. La Kijapani, kuukuu, injini mia saba hamsini, silinda nne zimejipanga pale mbele kama sufuria jikoni. Mtaalamu mmoja wa kigeni alikuja nalo kwenye shirika nilikokuwa mtunza stoo, alipomaliza mkataba akaliacha. Mimi ndiye niliyelifunika turubai, mimi ndiye niliyekuwa naliwasha mara moja moja lisife. Kisha ikaja ile habari ya ubinafsishaji. Shirika likauzwa, sisi tukapunguzwa kazini, na vitu vya stoo vikapigwa mnada. Wenzangu wenye akili walinunua mabati na meza. Mimi kiinua mgongo changu chote nikakitumbukiza kwenye Dude, na mtaa wetu mzima wa Bombambili wananicheka mpaka leo. Wananiambia, "Saidi, nunua haya madogo ya Kichina, yanakula mafuta kidogo na abiria wapo." Najua. Lakini ile stoo ndiyo kazi yangu ya maisha yote, na sasa imebaki magurudumu mawili.

Kama ni nguvu, nguvu linazo. Tabu ni kulishika. Ukifika mwendo wa maana, usukani unaanza kucheza kidogo kidogo, halafu unapiga kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mikono inaingia ganzi. Kwenye mchanga nako linatafuta pa kuangukia.

Mwaka jana wakati wa kiangazi lilipapata. Tulikuwa njia ya Tunduru, mimi na mke wangu Zuhura, tunakwenda kwao Mbesa kwenye harusi ya mdogo wake. Mimi nilichubuka kiwiko. Zuhura alivunjika nyonga ya kushoto. Pale hospitali ya misheni walimhangaikia vizuri sana, Mungu awalipe, na sasa anatembea. Ila paja halifunguki tena kama zamani. Amebaki kwa wazazi wake tangu siku hiyo.

Nilimfuata kwa basi mara moja. Wakwe walinipokea vizuri mno, wakanichinjia kuku, wakanitilia korosho kwenye mfuko za kwenda nazo njiani. Asubuhi Zuhura akanisindikiza hadi stendi. Hakuwa na mzigo wowote mkononi. Nilipomwangalia akacheka kidogo, akasema kwa upole kabisa, "Siku hilo Dude lako likinyooka, njoo unichukue nalo."

Jamani, nilifurahi! Nilipanda basi natabasamu peke yangu kama chizi. Nilikuwa nimepewa kazi, na mimi kazi ya chuma siiogopi.

Nikamwendea Fundi Komba. Huyu ni mzee wa makamo, ana karakana yake nyuma ya maduka huku Majengo, anatengeneza pampu na mashine za kusaga. Pikipiki kubwa namna ile hakuwahi kuigusa, na alisema wazi. Lakini macho yake yaling'aa alipoliona, nikajua tumepatana.

Tulianza vibaya. Huku kwetu ukimpelekea fundi yeyote pikipiki inayoyumba, swali la kwanza ni moja tu: inabeba gunia? Kila chenye magurudumu mawili Songea ni cha kubebea. Kwa hiyo tiba ni ile ile, unakaza nyuma. Tukatoa springi za nyuma tukaweka ngumu, Dude likainua matako juu kama mbuzi anayekunywa maji, na mbele kukazidi kuwa na wazimu. Siku ile nilikaribia kuingia kwenye kibanda cha muuza chipsi. Tukarudisha za zamani.

Ndipo Komba akatulia, akaanza kulisikiliza. Akaliinua juu ya magogo mawili, gurudumu la mbele likining'inia, akageuza usukani kwa kidole. Ukafika katikati ukakwama, ukajishika. Alipofungua akakuta beringi zimejichimba vishimo. Tukatafuta nyingine, tukapaka grisi. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma nao ulikuwa unacheza, kwa hiyo akachonga bushi mpya, zile pete za shaba za kuuzuia usicheze. Shokapu za mbele tukamwaga ule uji mweusi, tukatia oili nzito zaidi, na juu ya springi akakatia vipande vya bomba ili zikae na mkazo. Spoku tulizikaza kwa kupima na msumari: unaufunga karibu na rimu, unazungusha gurudumu, unasikiliza wapi linagusa. Jumamosi nyingi zimeishia hapo. Nilikuwa narudi nyumbani mikono myeusi, nalala usingizi mzuri.

Nikiri kitu. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na raha kama ile, na mke wangu hayupo nyumbani.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujaribu.

Mvua ilipokatika nikalitoa. Nikashika lami kuelekea njia ya Njombe, peke yangu, kidogo kidogo, nikaongeza, nikaongeza tena. Nikasubiri lile tetemeko lake. Halikuja! Nikaongeza mpaka machozi yanatoka kwa upepo. Dude limetulia, linakwenda kama limewekwa kwenye reli. Nilipolegeza mikono ndipo nikaona linavuta kushoto, kidogo tu, kitu cha kusahihisha kwa kidole.

Hiyo ya kushoto Komba aliijua kabla sijashuka. "Ni kile kibao chako," akasema.

Kibao ni hiki. Zuhura hakai pikipiki kama mwanamume. Anakaa upande, miguu yote kushoto, kanga imefungwa vizuri, kama alivyofundwa na mama yake. Siku ya kunikabidhi mke, mama mkwe aliniambia mbele ya watu kwamba mwanawe hatatanua miguu barabarani. Nikasema sawa, mama. Nikamchomelea kibao cha chuma upande wa kushoto pa kuegeshea miguu, nikakivika mpira wa tairi usiteleze. Kizito, ndiyo. Lakini alipokiona mara ya kwanza alinyoosha miguu juu yake, akachezesha vidole, akasema sasa ndiyo mimi ni mke wa mtu.

Basi tukaenda hatua ya pili. Tukapima gunia la mahindi pale mashineni, tukalipunguza mpaka likawa na uzito wa Zuhura, tukalifunga nyuma kwa mpira wa tyubu. Nikatoka tena. Likanyooka vile vile. Kwenye lami likanyooka, kwenye vumbi la pembeni, ambalo leo ni tope, likanyooka. Nilirudi nikamkuta Komba kasimama katikati ya barabara na spana mkononi, anacheza ngoma ya mganda peke yake, mtu mzima yule. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilishaanza kupanga nitavaa shati gani kwenda Mbesa.

Mke wa Komba alikuwa ametuletea chakula. Mama Komba ni mtu wa maneno, hakosi la kusema. Akaliangalia gunia, akatuangalia sisi, akasema, "Gunia halina miguu, nyie. Huyo binti wa watu atakaaje?"

"Atakaa hapo hapo," nikamjibu.

"Atakaa kama gunia?"

Akajifunga kanga vizuri, akapanda. Upande. Miguu juu ya kibao. Akasema haya, nipelekeni na mimi nikaonje raha za matajiri. Nikatoka naye taratibu, watu wa dukani wanapiga makofi.

Kwenye lami, kabla hata sijafika mwendo wa maana, usukani ukaanza. Kidogo kidogo. Nikaujua pale pale, mwili wangu uliujua kabla ya kichwa. Nikapunguza, nikakata kuingia njia ya udongo ya kurudi Bombambili, nikijipa moyo kwamba ni lami tu. Kwenye tope gurudumu la mbele likawa jepesi, likateleza, na Dude zima likaanza kulala kushoto. Lile lile la Tunduru. Upande ule ule. Nilikanyaga chini kwa mguu wangu wote, nikalizuia. Mama Komba alikwisharuka, kasimama kwenye tope na miguu yake miwili, mzima, anacheka kwa sauti kubwa. Mimi sikucheka. Nilibaki nimeung'ang'ania usukani, ingawa ulikuwa umeshasimama.

Alirudi kwa miguu. Alisema asante, raha za matajiri ameziona.

Komba hakukata tamaa mara moja. Tukamsogeza mkewe mbele, tukakaza shokapu ya kushoto peke yake. Alipokaa likayumba, aliposhuka likavuta kulia. Tukajaribu kufunga chuma upande wa pili kulipa uzito, likawa zito mpaka halipindi. Mwishowe akakaa juu ya ndoo, akafuta mikono yake kwa kitambaa, akaifuta, akaifuta, hata pale ilipokuwa safi.

"Akae kama mwanamume," akasema. "Unisamehe, mwanangu, lakini dawa ni hiyo tu."

Nikamkumbusha habari ya nyonga. Akasema anajua. Alikuwa anajua tangu mkewe aliporudi kwa miguu.

Kwa hiyo Dude limepona. Linakwenda vizuri na mimi, linakwenda vizuri na mahindi. Mtu mmoja tu duniani ndiye haliwezi kumbeba, na ni yule niliyemtengenezea.

Nikampigia pale pale karakanani, kabla moyo haujarudi nyuma. Simu ni ya kaka yake, na mtandao wanaupata wakisimama karibu na mkorosho mmoja uani kwao, kwa hiyo kaka akamwita, nikasubiri huku nasikia hatua zake akija. Anachechemea. Kwa simu unasikia vizuri zaidi kuliko kwa macho.

Baada ya salamu akauliza, "Limenyooka?"

Nilitaka kusema ndiyo. Wallahi nilitaka. Ningesema ndiyo halafu ningetafuta namna, ningekodi gari, ningesema Dude limeharibika njiani. Neno lilikuwa mdomoni. Likatoka jingine.

"Bado."

Akashusha pumzi.

Sijui nieleze vipi ile pumzi. Ilikuwa ndefu. Mtu akitua ndoo ya maji kichwani baada ya kupanda mlima anapumua vile. Halafu akasema, "Hamna haraka, Saidi. Tengeneza taratibu." Na sauti yake ikachangamka! Akanipa habari za mama yake, za korosho, za mdogo wake kwamba ana mimba sasa. Alizungumza sana. Tangu tuanguke hajawahi kuzungumza na mimi namna ile. Nami nilikuwa naitikia, eeh, eeh, alhamdulillah, nimeegemea ukuta wa Komba.

Hakutaka linyooke. Alinipa kazi isiyokwisha, kwa upole, ili asiniambie hapana usoni, kwa sababu ndivyo alivyo, hajui kumuumiza mtu. Na mimi nikaishika ile kazi kwa mikono miwili na kuimaliza.

Nimemkasirikia? Nimejaribu, kwenye njia ya kuja hapa. Imekataa. Ni yeye aliyelala barabarani ile siku akilia, na mimi nilikimbilia kwanza kulizima Dude lisimwage petroli. Labda alikuwa ananitazama. Sijamuuliza, na sasa nitamuuliza vipi, chini ya mkorosho, kaka yake kasimama hapo anasubiri simu yake?

Umeme umeshapepesa mara mbili, dada anataka kufunga. Sina mpango wowote wa kesho. Kesho ni Jumapili, Komba anakwenda kanisani, karakana imefungwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sina cha kutengeneza. Sijui mtu anafanya nini na Jumapili nzima.

Nilipokuwa nawasha niondoke, Komba alinifuata na spana. Akainama upande wa kushoto, akagonga kile kibao kwa kidole.

"Nikufungulie hiki?" akauliza. "Litanyooka kabisa, mwanangu. Utaliendesha hata kwa mkono mmoja."

Nimemwambia akiache.