Aliyeshika Kipimo Langoni

Kapsoit,
8 Septemba 2020

Komredi Masese,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Roret, na kwamba mama ameachwa na kile kikohozi. Zaidi ya yote naulizia hali ya dada yako, Nyamusi. Mimi mwili hauna neno. Hasira ndiyo hainipi usingizi.

Tangu korona ije, hospitali ile imegeuza lango kuwa mahakama. Mwanamke ana uchungu wa kujifungua, anaelekezewa kipimo cha joto kwenye paji la uso, na hukumu inatoka: hema la nje, la kuwatenga wanaoshukiwa kuwa na korona. Wakubwa waliotunga sheria hiyo hawajawahi kuzaa wala kuchuma chai. Nyamusi alitoka shambani moja kwa moja, aproni ya plastiki bado kiunoni, jasho likimtiririka. Mchumaji yeyote angejua joto lile ni la jua na plastiki. Yeye mwenyewe alitania kwamba hana korona, ana mtoto tu anayegonga mlango. Akajibiwa kwamba sheria ni sheria. Alikaa hemani saa tano bila mkunga, na mtoto akazaliwa amekufa.

Wewe ulilia, mimi nikachukua kipaza sauti. Nilimtaja muuguzi Mellen mbele ya umati, nikamwita muuaji. Sasa vijana wanamzomea sokoni, wakimwuliza leo amezika wangapi. Jumamosi kamati inaketi kumfukuza kazi, na wakubwa wanachekelea: tumewapa wa kutupiwa lawama.

Mellen hakuwa langoni, Masese. Alikuwa wodini, peke yake na akina mama tisa. Aliyeshika kipimo ni mimi. Chuo kilipofungwa nilichukua kibarua pale, nikakuficha, maana kila jioni nilikuwa nikiilaani hospitali hiyohiyo mtandaoni. Barakoa ilinificha, lakini dada yako nilimtambua. Mimi, niliyefungwa aproni kama ile tangu darasa la nne, niliiona, lakini nikafuata namba ya kipimo. Kama ningeanza kumweleza, angeijua sauti yangu. Kwa hiyo nilitamka maneno matatu tu, nikamwonyesha hema.

Mpe mama salamu zangu, kama atazipokea. Nyamusi sithubutu kumsalimu. Msomee barua hii yote.

Tunakutana Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya lango. Nitazungumza wa kwanza, kabla Mellen hajaitwa ndani.

Wako,
Kipchirchir