Elida Alikataa Kudanganya

Buzebazeba, Kigoma

Kaka Nikodemu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Dagaa wamepatikana sana Ilagala, na mama anakusalimu.

Najua umeshasikia habari za mwanangu Elida, ila usikie na kwangu. Jumapili alikuwa awe mama wa ubatizo wa mtoto wa Lukas, mdogo wake. Alikubali asije akamuudhi. Padri alipouliza, "Unasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi?" Elida akasema kwa adabu, "Nisamehe, Padri. Siamini tena, na siwezi kudanganya nikiwa nimembeba mtoto huyu."

Kanisa zima likaguna. Nikasimama mimi, nikampokea mtoto, nikajibu maswali yote kwa sauti.

Tangu hapo baba yake hasemi naye. Nililia, kaka, sikufichi, na kila asubuhi namwombea. Lakini wangapi pale huitikia "Nasadiki" huku mioyo yao iko mbali? Wangu alisema kweli, akijua atasemwa.

Jana nilikwenda naye sokoni, tumeshikana mikono. Mama mmoja akaniuliza, "Huyu ndiye yule?"

Nikamjibu, "Ndiye. Nimemzaa mimi."

Mdogo wako akupendaye,
Veneranda