Mashine ya Kahawa ya Mama

Lushoto, Juni 1968

Kaka Nathanaeli, shikamoo.

Umeme umeingia nyumbani! Na ile mashine ya kusagia kahawa uliyoniambia nitafute, nimeipata Tanga. Dukani zilikuwapo mbili. Kubwa ilipendeza, lakini bei yake ilinitisha, na kukaza kifuniko chake kunataka mikono miwili. Nikachagua ndogo, ya bei nafuu. Unabonyeza tu, inanguruma, na kahawa imekuwa unga!

Habari za Mama sikukuandikia mapema, kaka, kwa sababu mwenyewe alinikataza. Tangu Pasaka mkono wake wa kulia haunyanyuki. Kutwanga ameacha, akawa anakaa tu jikoni, anasema hataki kahawa tena.

Jana nilimwekea mashine mbele yake.

"Saga wewe," akasema.

"Hapana, Mama. Jaribu."

Akaibonyeza kwa mkono wa kushoto. Ilipolia alishtuka, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Harufu ikajaa nyumba nzima. Akaenda mlangoni, akamwita jirani yetu kwa sauti: "Mwanahawa! Njoo unywe kahawa, nimesaga mwenyewe!"

Njoo umwone, kaka. Usikawie.

Mdogo wako akupendaye,
Yudith