Alama ya Kisu

Kibosho, Moshi
Jumapili, baada ya Misa ya kwanza

Kwa mdogo wangu mpendwa Davis,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea japo hujaituma; marahaba. Habari za huko Guangzhou, na biashara zinaendaje? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakusalimu. Miguu inamsumbua, lakini ng'ombe anamkamua mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mvua zimechelewa, migomba ya kule bondeni imeanza kukunja majani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wa msiba uliujibu kwa neno moja tu, poleni, kana kwamba aliyekufa ni baba wa jirani. Niliumia, sikufichi. Nikakununia mpaka matanga yakaisha. Sasa nimechoka kununa, na kuna jambo ni lazima ulijue. Kaa chini usome bila kuruka mistari, tabia yako naijua.

Unakumbuka baba alivyokuwa na mawe yake ya jedi. Tangu yule mtalii Mchina ampe kipande kimoja, enzi zile anapandisha wageni mlimani, baba yetu hakuwa na mapenzi mengine hapa duniani ukimwondoa mama, na hata mama nyakati nyingine alikuwa na mashaka. Madalali wa mjini walimletea hadi vipande vya chupa vilivyosuguliwa. Aliviweka shavuni kidogo, akawarudishia huku anacheka. Jedi ya kweli, alikuwa akituambia, ni ya baridi na inachelewa kupata joto, ni nzito kiganjani, na kisu hakiwezi kuichora. Hicho kisu ndicho kilichotuponza.

Siku ya jubilei ya ndoa yao hujaisahau. Nami bado namwona mama amekwishanyoosha mkono ili umvishe ile bangili ya kijani, na baba akiidaka kwanza. Alikuwa na furaha na mbege ilikuwa imemkolea. Akaomba kisu kilichokuwa kinakatia mbuzi wa ndafu, akapitisha ncha yake ndani ya bangili, mstari ukabaki. Akaiinua mbele ya wageni na kwaya nzima akisema mwanawe anaishi China kwenyewe na bado anamletea mama yake jiwe la sabuni badala ya jedi. Watu walicheka. Wewe ulisema umeinunua kwa mtu unayemwamini, nani akusikilize? Mama akaurudisha mkono wake chini ya kanga. Ukachukua begi lako, ukashuka barabarani hata kula hujala, na hatujakuona tena.

Mdogo wangu, baba aliugua vibaya. Sukari ilimshika hadi vidole vikafa ganzi, asijue kama ameshika kikombe cha moto au cha baridi. Nilihamia huku juu kumuuguza, nyumba yangu ya Shirimatunda nikawaachia wapangaji. Mwezi wa kwanza, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, aliniomba kopo lake la mawe. Nikawa nampa moja moja, naye kwa kuwa vidole vilikuwa vimemsaliti, akawa anayagusisha kwenye midomo. Alifurahi kama mtoto. Chini kabisa ilikuwamo bangili yako, imefungwa kwenye soksi. Sikujua kwamba aliitunza.

Aliiweka mdomoni, akaiacha hapo kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nifungue dirisha. Akautazama ule mstari, akalamba kidole gumba, akausugua. Mimi nikadhani anaibembeleza tu. Aliponiuliza kama naona alama, nikatazama nje na ndani: hakuna. Ilikuwa imefutika.

Ndipo akanieleza kwamba kisu hakikuichora bangili. Bangili ndiyo iliyokila kisu, na ule mstari ulikuwa chuma kilichobaki juu ya jiwe, kama penseli inavyobaki kwenye karatasi. Mtu huifuta kwanza alama ndipo aseme neno. Jambo hilo yeye mwenyewe aliwafundisha vijana wa mjini waliokuwa wakimletea mawe. Siku ile hakufuta. Alisema alitaka mno wageni wamwone kuwa ndiye anayejua. Akalia, Davis. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata siku alipomzika bibi, na sikujua nimshike wapi.

Nikataka nikupigie palepale kwa simu ya Kindness, binti wa jirani, ambayo namba yake huijui. Baba akakataa. Aliniagiza nyuma ya nyumba, kwenye mpaka wa kihamba, pale migomba yetu inapoishia, nikamkatie jani la isale. Baba mdogo Primus alikuwapo, akashtuka, akasema tangu lini mzazi akampelekea mwanawe isale kuomba radhi, hiyo ni kazi ya mdogo kwa mkubwa. Baba alimjibu kwamba aliyekosea ndiye anayelifunga. Akalifunga fundo mwenyewe kwa vile vidole visivyosikia kitu. Lilimponyoka na kumponyoka, na kila nilipotaka kumsaidia alinipiga kofi mkononi. Lilipokaza akaniambia lisafiri na mtu, lisitupwe posta, nikasema Kindness anakuja huko kufunga mzigo wa viatu, tusubiri viza yake itoke.

Viza imetoka juzi. Baba tumeshamzika.

Jani hilo ndilo lililomo humu, katikati ya karatasi. Limekauka, limekuwa la kahawia, ukilikunjua vibaya litavunjika. Mama alitaka nichume bichi ili lisikutie kinyaa. Nimekataa, kwa sababu hilo bichi ningelifunga mimi.

Unajua kwetu isale halikataliwi. Lakini isale la marehemu linajibiwaje? Nimemuuliza baba mdogo Primus, hajui, wala hajawahi kulisikia. Kwa hiyo siwezi kukwambia la kufanya. Najua tu kwamba siku zake za mwisho, kila pikipiki ikisimama barabarani, aliuliza kama ni wewe, nami nilikuwa namjibu kwamba isale bado halijaondoka.

Bangili anaivaa mama. Anakamua nayo, analala nayo. Kaburi liko upande wa juu wa nyumba, karibu na kahawa. Hatujalijengea bado, tunakungoja.

Wasalimie wote wanaoishi nawe vizuri. Usisahau kusali na usisahau kula. Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hilaria Wenseslaus